Maswali ya Wasomaji: Kioo Kwanza, Kuba Baadaye

Mwezi huu tumepokea barua tatu zinazogusa jambo moja, yaani vyama vya watu wa kawaida wanaotazama nyota na vituo wanavyojijengea. Tumezifupisha kidogo, na majina ya waandishi tumeyaacha kama walivyoomba.

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni mwalimu wa fizikia mkoani Njombe. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa likabaki pete, nilikuwa Rujewa pamoja na wanafunzi wangu, na tangu siku ile tumekuwa na kikundi cha walimu, mafundi, wakulima na mhudumu mmoja wa zahanati, ambacho hukutana penye giza kutazama nyota kwa macho na kwa darubini moja ya mkononi. Sasa tunataka kuwa chama rasmi chenye kituo chake. Tumeshauriwa tutafute kwanza mfadhili wa jengo lenye kuba. Je, kuna mahali ambapo watu wasio wa chuo kikuu waliwahi kulifanya jambo hili, na walianza na nini?

JIBU: Mwalimu, mahali hapo pako, na walianza na kioo, kile kinachokusanya mwanga wa nyota ndani ya darubini.

Springfield ni mji mdogo katika jimbo la Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani, ambao mwanzoni mwa karne iliyopita uliishi kwa viwanda vya mashine za kukereza vyuma. Mwaka 1919 alirudi huko mzaliwa wa mji, Russell W. Porter, mtu aliyesomea usanifu wa majengo, akasafiri mara kadhaa na misafara ya kwenda Aktiki, na baadaye akajifunza mwenyewe kusaga vioo vya darubini. Alirudi kufanya kazi katika kiwanda kilichoongozwa na rafiki yake James Hartness, ambaye naye alikuwa na darubini yake nyumbani, na ambaye mwaka 1921 alishika ugavana wa jimbo hilo. Mwezi Agosti 1920 Porter alifungua darasa la jioni. Wanafunzi walikuwa wanaume 15 na mwanamke 1, wengi wao wafanyakazi wa kiwandani, watu ambao mchana walizoea kupima chuma hadi sehemu ndogo kabisa za milimita, na ambao hawakuwa na shahada ya elimu ya nyota hata mmoja. Kila mmoja alisaga kioo chake kwa mikono yake.

Chama chenyewe, Springfield Telescope Makers, kiliundwa tarehe 7 Desemba 1923, wakati wanachama wake walikuwa tayari na darubini walizozitengeneza. Kisha wakajenga nyumba ya chama kwenye kilima kiitwacho Breezy Hill, nje ya mji, katika ardhi ya Porter. Wakaipaka rangi ya waridi, na juu ya ukuta wa mbele, chini ya paa, wakaandika maneno ya Zaburi ya 19, ambayo katika Biblia yetu yanasomeka, "Mbingu zauhubiri utukufu wa Mungu." Wakaiita Stellafane, kwa maana ya hekalu la nyota. Mwaka 1926 waliwaalika watengenezaji wenzao wa darubini kutoka miji mingine, wakaja watu wachache tu, lakini mkutano ule uliendelea kuitishwa wakati wa kiangazi hadi ukawa mkubwa, na hadi leo watu hupanda kilima hicho wakibeba darubini walizojitengenezea ili zikaguliwe na wenzao mchana na zitumiwe na kila mtu usiku.

Kituo chao maarufu zaidi, kile cha mnara mfupi wa zege wenye kichwa kinachozunguka, kilikamilika mwaka 1930. Inafaa nikieleze, kwa sababu ni mfano wa watu kujibu shida yao wenyewe badala ya kuiga jengo la wengine. Shida yao ilikuwa baridi. Vermont wakati wa majira ya baridi barafu hujaa kila mahali, na mtazamaji aliyesimama nje kwa muda wa saa mbili hawezi hata kugeuza ukurasa wa daftari. Kwa hiyo kioo kikuu, chenye kipenyo cha inchi 12, yaani sentimita 30 hivi, kilikaa nje kwenye hewa baridi ambako hakisumbuliwi na joto la nyumba, nacho kioo bapa kilichofungwa kwenye kichwa cha mnara kilikielekezea mwanga wa nyota, ukarudi na kupita kwenye tundu katikati ya kile kioo bapa hadi kwenye jicho la mtu aliyeketi ndani bila kutetemeka. Kwa umahiri wake Porter aliitwa California mwishoni mwa mwaka 1928 kusaidia kazi ya darubini kubwa ya Palomar, yenye kioo cha inchi 200. Wenzake wa Springfield waliendelea bila yeye. Mwaka 1989 eneo lile lilitangazwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa la Marekani.

Sasa hesabu miaka hiyo, Mwalimu: darasa 1920, chama 1923, nyumba mwaka uliofuata, mnara 1930. Ushauri mliopewa, wa kutafuta mfadhili wa kuba kabla ya yote, umeyapindua mambo chini juu, na naomba muukatae kwa heshima. Nasema hivi kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita nilifika katika shule moja ya sekondari iliyopewa zawadi ya darubini nzuri, nikaomba kuiona. Ilitolewa kwenye kabati la ofisi ikiwa bado imefungwa kwa nailoni iliyokuja nayo, na tulipoelekeza lenzi kwenye dirisha tuliona kuvu limetanda ndani yake mfano wa utando wa buibui. Hakuna aliyeiharibu kwa makusudi. Ilikuwa mali ya thamani kubwa iliyokuja kabla ya watu wa kuitumia, na kila mkuu mpya alikabidhiwa ufunguo pamoja na onyo. Darubini ya kioo mlichokisaga wenyewe haiwezi kupatwa na mambo hayo, kwa kuwa ikiharibika mnajua jinsi ya kuirudisha.

Kuhusu jengo, mtakapofika huko, msijisumbue na kuba. Kuba ni gumu kulitengeneza, huvuja, na humwonyesha mtazamaji kipande chembamba tu cha anga. Vyama vingi duniani hutumia banda la kawaida ambalo paa lake zima husukumwa pembeni juu ya reli, na ninyi mna faida kubwa hapo, kwa sababu fundi yeyote wa kuchomelea anayetengeneza mageti ya kusukuma tayari anajua kazi hiyo: magurudumu ni yale yale, reli ni ile ile, mabati ni yale yale. Jambo la kuzingatia ni kwamba paa hilo lifungwe imara, kwa kuwa upepo wa nyanda za juu huinua bati jepesi kama karatasi. Msimu wenu wa kazi ni kuanzia Juni hadi Oktoba, anga linapokauka, na katika miezi ya mwanzo wa kipindi hicho kitovu cha Njia ya Maziwa hupita karibu na utosi wenu, kitu ambacho watu wa Springfield hukiona chini kabisa kwenye upeo wa kusini, ndani ya utusitusi.

Jingine moja ambalo wengi hulifahamu baada ya kununua. Vile viegemeo vya darubini vinavyofuata mzunguko wa nyota kwa mhimili mmoja hulazimika kuinamishwa kwa kadiri ya latitudo ya mahali. Springfield iko nyuzi 43 kaskazini, hivyo mhimili husimama mshazari. Ninyi mko nyuzi 9 hivi kusini, kwa hiyo mhimili wenu utakaribia kulala, na viegemeo vingi vilivyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya haviwezi kushuka hadi hapo. Tumieni kiegemeo cha plaiwudi, sanduku linalozunguka kulia na kushoto na kuinuka juu na chini, aina iliyoenezwa na John Dobson, mtawa wa zamani aliyekuwa akisimamisha darubini kando ya barabara za San Francisco ili mpita njia yeyote atazame Mwezi na Zohali bila malipo. Chama alichohusika kukianzisha mwaka 1968 kilijengwa juu ya mazoea hayo. Mirija ya darubini zake ilikuwa ya karatasi ngumu, na baadhi ya vioo alivisaga kutoka kwenye vioo vinene vya madirisha ya meli.

Katika katiba yenu msisahau kifungu cha ufunguo. Andikeni kwamba mwanachama yeyote aliyefundishwa na kujaribiwa ana haki ya kuifungua darubini usiku wowote wenye nyota. Na kifungu kingine kisichojadiliwa: hakuna atakayeelekeza darubini kwenye jua pasipo kichujio maalumu kilichofungwa mbele yake, hata kwa nukta moja, kwa sababu jicho likiungua hivyo haliponi.

SWALI: Mimi ni fundi wa vyuma hapa Tanga. Nimesikia kwamba kioo cha darubini kinaweza kusagwa kwa mkono. Mimi nina mashine ya kukereza na bado nashindwa kupata uso ulio sawasawa kabisa, sasa mkono utawezaje kuishinda mashine? Naomba maelezo ya kifundi.

JIBU: Fundi, swali lako limenifurahisha, maana limeuliza kiini chenyewe cha jambo.

Chukua vioo viwili vya duara vya sentimita 15, vyenye unene wa milimita 19 hadi 25. Kimoja kifunge juu ya pipa lililojazwa mchanga ili lisicheze. Nyunyiza maji na unga mkali wa kusagia, ule ule unaobandikwa kwenye msasa, kisha weka kioo cha pili juu yake na usukume mbele na nyuma, katikati ya cha juu ikipita juu ya katikati ya cha chini. Kioo cha juu kinapotokeza nje ya ukingo, uzito wote huangukia kwenye ukingo wa kile cha chini na kwenye kitovu cha kile cha juu. Kwa hiyo cha chini hulika pembeni na kuwa na kitumbo, na cha juu hulika katikati na kuwa na bonde. Baada ya misukumo michache unazungusha kioo cha juu kidogo, nawe unasogea hatua moja kulizunguka pipa. Sauti hubadilika kadiri unga unavyovunjika, kutoka mkwaruzo wa changarawe hadi mnong'ono, na mtu aliyezoea hujua kwa sikio kwamba wakati wa kuongeza unga umefika.

Sasa sababu ya mkono kuishinda mashine. Nyuso mbili zinazosuguana katika kila upande na kila mzunguko haziwezi kuendelea kugusana kila mahali isipokuwa ziwe vipande vya tufe. Palipo na kilima ndipo panaposuguliwa zaidi, hivyo kilima hujiondoa chenyewe. Mashine yako hunakili usahihi wa reli na skurubu zake, na makosa ya reli huhamia kwenye kazi. Huku hakuna cha kunakili. Kutokamilika kwa mkono wako, yaani kwamba hausukumi mara mbili kwa namna moja, ndiko kunakotawanya makosa yasijikusanye mahali pamoja.

Bonde lenyewe ni dogo kuliko watu wanavyodhani. Kwa darubini yenye umbali wa fokasi, yaani kutoka kwenye kioo hadi pale mwanga wa nyota unapokusanyika, wa sentimita 120, kina cha katikati ni milimita moja na ushee tu. Ukishakifikia, unaendelea na unga laini zaidi, kisha laini zaidi, ukiosha kila kitu kati ya hatua na hatua, pamoja na kucha zako, kwa sababu chembe moja ya unga wa mwanzo ikibaki itakuchora mstari wa kukurudisha nyuma siku tatu. Mwisho unakimwagia kioo cha chini lami ya kung'arishia iliyoyeyushwa, unaikata mifereji, na kung'arisha kwa unga laini uliochanganywa na maji. Siku za Porter walitumia oksidi nyekundu ya chuma, iliyoacha mikono na nguo zote zikiwa na rangi ya udongo wa kichanga chekundu.

Utakachokipenda wewe kama fundi ni kipimo. Uso wa kioo hauruhusiwi kukosea zaidi ya milimita 0.00007 hivi, takriban sehemu moja ya elfu ya unene wa unywele, na kipimo cha kuuona udogo huo ni taa na wembe. Mfaransa Léon Foucault alikibuni katika miaka ya 1850. Unaweka nukta ya mwanga sentimita 240 mbele ya kioo, mwanga unarudi na kukusanyika kando ya taa, nawe unausogeza wembe polepole kuukata huku jicho likiwa nyuma yake. Kioo kilicho tufe kamili huzimika chote kwa pamoja, kama taa inayofifia. Kioo chenye kosa huonyesha vivuli vya vilima na mabonde, utadhani unautazama mwezi. Ukitaka kuamini ukali wa kipimo hiki, kaza kidole gumba juu ya kioo kwa nusu dakika kisha utazame tena, nawe utakiona kivimbe mahali pa kidole, kilichoinuliwa na joto la mwili wako tu, kikishuka taratibu kadiri kioo kinavyopoa. Niliyaona hayo kwa mara ya kwanza mezani kwa rafiki, na kwa muda mrefu sikuweza kusema neno.

Baada ya kuongeza kina kidogo sana katikati ili tufe liwe parabola, umbo linaloukusanya mwanga wa nyota kwenye nukta moja, kinabaki kupakwa utando unaoakisi. Siku hizi ni alumini inayopakwa ndani ya chombo kisicho na hewa, na hapa ndipo chama hulazimika kutafuta mtambo wa watu wengine. Wa Springfield walipaka fedha kwa kemikali. Njia hiyo bado yawezekana, ila ifanywe na mtu aliyesomea kemia, na mchanganyiko uliobaki umwagwe siku hiyo hiyo kwa utaratibu wa maabara, kwa kuwa ukiachwa ukae waweza kulipuka. Kioo chako kikikamilika kitakusanya mwanga mara 450 kuliko mboni ya jicho iliyotanuka gizani.

SWALI: Mhariri, mimi ni mama wa hapa Mombasa. Binti yangu wa kidato cha pili hutoka uani kila usiku kutazama nyota, na anataka tumtafutie chama cha kujiunga nacho. Baadhi ya majirani wanasema hayo ni mambo ya ramli. Wengine wananiuliza, hata akitazama, ataongeza nini wakati wataalamu wana mitambo mikubwa?

JIBU: Mama, kuhusu ramli, nailaumu lugha kidogo, kwa kuwa neno unajimu limebebeshwa mizigo miwili, ule wa kuzichunguza nyota na ule wa kubashiri maisha ya watu kwa nyota. Binti yako anafanya ule wa kwanza. Pwani yetu ina jina lake la heshima, elimu ya falaki, ambayo kwa karne nyingi imetumika kujua nyakati za sala, mwandamo wa mwezi na mwelekeo wa kibla, na mabaharia wa majahazi waliitegemea usiku. Wakulima nao walikuwa na yao: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Waliosema hivyo walikuwa watazamaji waliohesabu majira, na hakuna ramli ndani yake. Nimekwisha kuwataja watu waliosaga vioo kwenye mji wa Springfield, Vermont. Wao waliandika Zaburi ukutani.

Kuhusu mchango wake, mitambo mikubwa ni michache, na muda wake hugawanywa kwa foleni. Anga ni pana, na nyota nyingi hubadilika mwanga bila kusubiri zamu ya mtu. Ndiyo maana mwaka 1911 mwanasheria mmoja wa Marekani, William Tyler Olcott, alianzisha chama cha watazamaji wa nyota zinazobadilika, AAVSO, ambacho hadi leo hupokea makadirio ya watu wa kawaida kutoka pande zote za dunia na kuyahifadhi kwa ajili ya wanasayansi. Huku barani Afrika, Jack Bennett wa Pretoria, mtazamaji asiye wa kuajiriwa, aliizoea mno mitaa ya anga kwa darubini ndogo ya lenzi ya inchi 5, hata akajiandikia orodha ya vitu vyenye ukungu vinavyoweza kumdanganya mtu anayesaka vimondo vyenye mkia. Mwaka 1968 alitazama galaksi iitwayo M83 akaona nyota ambayo haikuwapo. Ilikuwa nyota iliyolipuka. Tarehe 28 Desemba mwaka uliofuata akagundua kimondo chenye mkia ambacho kwenye miezi ya Machi na Aprili 1970 watu walikiona kwa macho matupu, na ambacho kina jina lake.

Binti hahitaji darubini wala hahitaji kusubiri chama ili aanze. Kuanzia Desemba hadi Machi, jioni, amtafute Jabari, lile kundi lenye nyota tatu kiunoni zilizopangwa mstari, na begani mwake ataiona nyota nyekundu, Betelgeuse. Nyota hiyo hupanda na kushuka mwanga. Mwezi Februari 2020 ilififia hadi ikalingana na Bellatrix, nyota ya bega la pili, na watu waliokuwa na daftari uani kwao walikuwa miongoni mwa waliofuatilia kufifia huko usiku baada ya usiku. Kila siku ya kutazama aandike tarehe na saa, kisha aseme kama Betelgeuse inazidi au inazidiwa na Aldebaran, ile nyekundu nyingine iliyo karibu na Kilimia, na kwa kiasi gani. Asiangalie alichoandika jana kabla ya kuandika cha leo, jicho lisije likashawishika. Na usiku wa mawingu asiliache daftari tupu. Aandike "mawingu", kwa sababu anayelisoma baadaye anahitaji kujua kwamba mtazamaji alitoka nje.